Kiinua Mgongo na Jembe

Katika shule niliyoiongoza kwa miaka mingi hapa Kihanga palikuwa na stoo ndogo nyuma ya ofisi ambamo tulihifadhi majembe. Yalikuwa ishirini hivi, mengine yamelika hata yakabaki kama miiko. Mwanafunzi aliyechelewa namba asubuhi, au aliyekutwa anapiga kelele darasani, alipewa jembe na kuonyeshwa kipande cha kulima. Hakuna mzazi aliyelalamika, kwa kuwa hata yeye alipokuwa shuleni aliadhibiwa vivyo hivyo. Nami sikuona dosari yoyote katika jambo hilo mpaka mwaka 1994, kaka yangu aliponitamkia maneno ambayo sijayasahau hadi leo, nikiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Kaka alikuwa kifungua mimba wa baba yetu, nami nilimfuata kwa miaka minne. Mwaka 1993, akiwa na miaka arobaini na saba, alipunguzwa kazini. Ili msomaji aelewe neno hilo lilikuwa na uzito gani katika nyumba zetu, hapana budi nianze mbali kidogo.

Tulipokuwa vijana, maendeleo ya mtu yalikuwa na njia moja tu: asome, afaulu, aajiriwe, aondoke. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mabenki, makampuni ya bima, viwanda vikubwa na sehemu kubwa ya biashara ya nje vikawekwa mikononi mwa umma. Mashirika yalianzishwa moja baada ya jingine, hata katika miaka ya baadaye yakazidi 400 nchi nzima. Mwaka 1968 kaka aliajiriwa na mojawapo mjini Bukoba, akiwa karani wa ghala. Baba alichinja mbuzi. Mtu aliyeingia katika shirika alihesabiwa kuwa amekwisha kuvuka mto. Kilichobaki ni kusubiri kupandishwa cheo, kisha kustaafu na kupokea kiinua mgongo. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kama mto wenyewe utahama.

Mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Huko tulisomeshwa kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967. Shabaha yake ilikuwa wazi: shule imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini ambamo wengi wataishi, shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na msomi asijione bora kuliko mkulima. Tulikariri hayo kwa ajili ya mtihani na tukafaulu vizuri. Kisha tukaenda kufundisha, tukalifanya shamba kuwa mahali pa kupelekea wakosaji. Saa nne tuliwaambia watoto kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na saa moja asubuhi tulikuwa tumekwisha kuwachapa kwa kilimo hicho hicho. Mtoto hujifunza zaidi kwa yale anayotendewa kuliko yale anayoambiwa. Watoto wetu walijifunza kwamba mwenye akili hushika kalamu na mjinga hushika jembe.

Wakati huo huo uchumi ulianza kuyumba. Sisi wa Kagera tuliuona mwanzo wake kwa macho, maana mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini kwetu na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita viliisha mwaka 1979, lakini gharama yake ilibaki. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya mazao yetu ikashuka, na mashirika mengi yakawa yanaishi kwa mikopo ya benki, ambayo nayo ilikuwa ya umma. Tulikaa na noti mfukoni bila sabuni dukani. Mwaka 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani ya shilingi ikaanza kuteremka. Mwaka 1985 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 17 hivi. Kufikia 1995 ilikuwa imepita shilingi 500. Sabuni ilirudi dukani, ila sasa fedha ndiyo iliyokosekana.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ikaja zamu ya watu. Mashirika yalianza kuuzwa, kuunganishwa au kufungwa. Serikali yenyewe, iliyokuwa na watumishi wapatao 350,000 mwaka 1992, ilianza mpango wa kupunguza, na katika miaka michache watumishi 50,000 hivi wakaondolewa. Neno lenyewe, kupunguzwa, lilikuwa geni katika matumizi hayo. Tulizoea kupunguza chumvi katika mboga, au mzigo kichwani mwa mtoto. Sasa tuliwasikia watu wazima wenye wajukuu wakisema, "Nimepunguzwa."

Barua ya kaka ilikuja Agosti 1993. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilimshukuru kwa utumishi wake wa miaka ishirini na mitano, ya pili ilimweleza kwamba nafasi yake imefutwa, na ya tatu ilimwagiza akabidhi funguo. Alizikabidhi siku hiyo hiyo. Septemba aliteremka Kihanga kwenye lori, akiwa na kitanda cha chuma, redio, baiskeli, mabati thelathini na sanduku la vitabu vyake vya hesabu za ghala. Watu walimpokea vizuri na kumsaidia kushusha mizigo. Usiku walipokuwa wanarudi kwao nikasikia mmoja akisema, "Kumbe hata wao hurudi."

Waliorudi katika miaka ile walikuwa wengi: madereva, makarani, mafundi mitambo, walinzi, wapiga chapa. Karibu wote walifanya jambo moja. Walichukua kiinua mgongo wakafungua duka. Kaka naye alifungua, akaweka chumvi, sukari, mafuta ya taa, kiberiti na madaftari. Kwenye barabara ile ile palikuwa na maduka mengine manne ya namna hiyo, matatu kati yake yakiwa ya watu waliopunguzwa. Wateja hawakuwa wameongezeka. Walikuwa wale wale wakulima wanaopata fedha mara moja kwa mwaka, msimu wa kahawa. Ndugu walikopa kwa sababu ni ndugu, na jirani alikopa kwa sababu ndugu amekopa. Kila alipokwenda kununua mali upya, bei ilikuwa imepanda kuliko ile aliyouzia. Mtu aliyehesabu mali ya shirika kwa robo karne bila kupoteza gunia moja alifilisika katika miezi tisa. Nilimwuliza kama hakuiona hatari hiyo katika vitabu vyake. Akanijibu kwamba aliiona tangu mwezi wa pili, lakini hakujua atamwambiaje mtu yeyote, hasa mimi.

Baada ya duka kufungwa alikaa ndani karibu mwezi mzima. Jioni alitoka kwenda kunywa lubisi, akarudi gizani. Shemeji yangu hakusema kitu. Kila alfajiri alikwenda kwenye kibanja kama alivyokwenda miaka yote ile kaka alipokuwa Bukoba, akakata majani ya migomba, akapalilia maharage, akaanika kahawa. Hatimaye siku moja kaka alichukua jembe akamfuata.

Kibanja chao kiko kando ya njia ya wanafunzi. Wiki ile ile kaka alikuja nyumbani kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kimya hadi tulipomaliza chai. Ndipo akasema, "Mwalimu, leo watoto wako wamepita nikiwa nalima. Mmoja akawaambia wenzake, 'Mzee huyu naye amechelewa namba.' Wakacheka wote. Sikuwakasirikia. Wewe ndiye uliyewafundisha."

Nilitaka kumwambia kwamba nitawatafuta watoto hao niwaadhibu. Kisha nikatambua kwamba adhabu ningeyowapa ni kulima.

Tangu siku hiyo nilianza kuitazama upya historia yetu ndogo ya Kihanga. Nikajiuliza ni kitu gani kilichowapokea watu hawa walipoanguka. Halikuwa duka, wala kiinua mgongo, kwa maana vyote viliisha upesi. Kilichowapokea ni kibanja, na kibanja kilikuwa hai kwa sababu kuna mtu aliyekilima miaka ishirini na zaidi. Mtu huyo, katika nyumba nyingi, alikuwa mke au mama. Tulipoulizwa kazi zake katika fomu za shule tuliandika "hana kazi". Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwenye fomu za watoto wa kaka. Mshahara wa Bukoba tuliuhesabu kila mwezi. Mkungu wa ndizi ulioliwa kila siku hatukuuhesabu hata mara moja.

Tena kibanja hakikuwapokea wote. Alirudi mama mmoja, mpiga chapa aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na minane. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na ardhi ilikuwa imegawanywa kwa kaka zake. Alipofika aliambiwa kwamba atakaa kama mgeni. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza ilikuwa imetoa hukumu inayohusu mkoa wetu. Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera, alikuwa ameuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mtu wa ukoo wake akapinga kwa hoja kwamba mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume, kwa vile Katiba inakataza ubaguzi. Lakini hukumu ilikuwa Mwanza, na kikao cha ukoo kilikuwa hapa. Mama yule hakushtaki. Alipanga chumba Kayanga, akanunua mashine kuukuu ya kupigia chapa, akawa anawaandikia watu barua za maombi, mikataba ya mauziano na rufaa zao. Miaka ile kulikuwa na rufaa nyingi. Aliishi kwa kazi hiyo, ila aliishi kwa kodi ya mwezi hadi mwezi, na alipougua hapakuwa na mgomba wa kumlisha. Tusimsahau tunapojisifu kwamba Mwafrika akikosa ajira ana kwao. Wako wasio na kwao kwa sababu sisi ndugu zao tumewanyima.

Nirudi kwa kaka. Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walikimbia mauaji nchini mwao, wakavuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Baadaye kambi zilifunguliwa Karagwe pia. Msaada uliingia kwa malori: mahindi, maharage, mafuta ya kupikia, mahema. Mali nyingi kiasi hicho ilihitaji watu wanaojua kuipokea na kuigawa, nao walikuwapo vijijini wakipalilia migomba. Mwanzoni mwa 1995 kaka aliajiriwa na shirika moja la misaada kutunza ghala. Alivaa tena suruali ya kazini. Nilifurahi, nikadhani mambo yamerudi kama zamani. Yeye hakudhani hivyo. Kila Jumapili alilima, na fedha aliyopata aliitumia kupanda kahawa mpya na kusomesha watoto. Alisema, "Hii ni ajira iliyoletwa na msiba wa watu. Siwezi kuomba iendelee."

Haikuendelea. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa Rwanda, kambi zikafungwa, na mikataba ikaisha. Alikuwa na miaka hamsini. Mara hii alirudi nyumbani jioni, akala, na asubuhi akaenda shambani. Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema mara ya kwanza alipoteza jina lake, lakini mara hii amepoteza mshahara tu.

Kazi iliyompa jina jipya ilianza mwaka 1997, na ilianza kwa magomvi. Tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima, jambo ambalo kabla yake lilifanywa na vyama vya ushirika peke yake. Kwa upande mmoja mkulima alifurahi, kwani alilipwa papo hapo bila kungoja malipo ya pili na ya tatu. Kwa upande mwingine kila mnunuzi alikuja na mizani yake. Na kama ilivyokuwa desturi mbaya ya mkoa wetu, kulikuwa na butura, yaani mtu mwenye shida huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya kutupa, kisha mavuno yakifika hayana chake.

Siku moja jirani alipimiwa gunia lake la maganda akaambiwa kilo chache kuliko alizotarajia. Kaka alikuwapo. Hakubishana. Alikwenda kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa jirani, akaazima mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, akauning'iniza kwenye mizani ya mnunuzi. Mfuko wa kilo 50 ukasoma kilo 43. Watu walinyamaza kwanza, halafu wakapiga kelele zote kwa pamoja. Mnunuzi alifunga mizani yake akaondoka, na aliyekuja baada yake alikuta tayari habari imemtangulia.

Toka hapo wakulima hawakukubali kupimiwa mpaka kaka awepo. Alifika na daftari, akaandika jina, uzito, bei na fedha iliyolipwa, na kila mmoja alimlipa alichoweza. Alianza pia kuwaandikia wenye shida hesabu ya butura: hapa umepokea kiasi hiki leo, na hapa utapoteza kiasi hiki wakati wa mavuno. Wengine waliuza hivyo hivyo kwa sababu mgonjwa hasubiri mavuno. Lakini wapo walioahirisha, wapo waliochangishana wakakopeshana wenyewe, na daftari la mikopo hiyo nalo likawekwa kwake. Vitabu vilivyokuja ndani ya sanduku mwaka 1993, ambavyo shemeji alitaka kuwashia moto, ndivyo vilivyomfundisha kila kijana aliyemsaidia.

Nami zamu yangu ilifika. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika, na serikali ikaanza kupeleka fedha za ruzuku na za ujenzi wa madarasa kwenye akaunti za shule, zisimamiwe na kamati. Mimi nilijua kufundisha. Fedha za kiasi hicho sikuwahi kuzishika. Wazazi walimchagua kaka aingie kwenye kamati. Nilikaa kimya siku ya uchaguzi ili isisemwe kwamba nimembeba. Wala sikuwa na haja ya kuogopa kwamba atanipendelea. Mwezi wa pili nilimletea hati ya malipo ya mchanga bila stakabadhi. Mwenye lori alikuwa ameahidi kuileta. Kaka aliitazama hati ile, akaisukuma kwangu juu ya meza mbele ya wajumbe wote. "Mwalimu," akasema, "lete stakabadhi, nami nitasaini." Nilipanda baiskeli nikaifuata. Madarasa yale yapo hadi leo, na kila mfuko wa saruji ulioingia humo umeandikwa.

Nimesimulia habari za mtu mmoja, lakini ninafikiri zina fundisho kwa wengi, maana watu wa makamo wanaendelea kupoteza kazi zao, na barua zao bado zina aya tatu. Waliopata nafuu hapa Kihanga si wale walioiga duka la jirani, wala wale walioketi wakingoja shirika lifufuke. Ni wale waliojiuliza: kazini nilikuwa najua kufanya nini hasa, na ni nani hapa kijijini anayekihitaji kitu hicho? Dereva mmoja alifundisha vijana kutengeneza pikipiki. Kaka alikuwa na uaminifu wa mizani. Cheo kilibaki Bukoba. Ujuzi ulikuja naye kwenye lori, ingawa ilimchukua miaka minne kuuona. Naamini angeuona mapema zaidi kama asingekuwa na aibu, na sehemu ya aibu hiyo tuliipika sisi walimu.

Adhabu ya jembe niliifuta shuleni kwangu, lakini si siku ile. Nilichukua zaidi ya mwaka, kwa kuwa walimu wenzangu waliuliza, "Kama si jembe, tutumie fimbo?" na sikuwa na jibu la haraka. Mwishowe tulikubaliana kwamba anayechelewa atabaki jioni kumalizia kazi aliyoikosa, na kwamba shambani tutakwenda sote, walimu mbele. Siku za kwanza watoto walitutazama kwa mshangao, wakijiuliza tumekosa nini.

Nilistaafu mwaka 2010. Kwenye sherehe nilipewa saa ya ukutani na kanzu. Kaka, wakati huo mzee wa miaka sitini na minne, alikuja mwisho akiwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Lilikuwa jembe jipya, limekwisha kutiwa mpini. Alinikabidhi mbele ya wanafunzi wote, akaniambia, "Mdogo wangu, kesho usichelewe namba."

Watoto walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Asubuhi iliyofuata nilikuwa shambani kabla ya jua kuchomoza.